Maswali yenu: Parachichi halipimwi kwa kiganja

*Mnunuzi amekataa nusu ya maparachichi yangu ya aina ya Hass. Anasema ni saizi 26 na 28, yeye anataka 12 hadi 20. Namba kubwa si ndiyo tunda kubwa? (Msomaji, Njombe)*

Siyo, na hili nimelijibu msimu uliopita na ule wa kabla yake. Namba ni idadi ya matunda yanayoingia kwenye boksi la kilo 4. Gawanya gramu 4,000 kwa 20, unapata tunda la gramu 200 hivi. Kwa 28, gramu 143. Namba ikipanda, tunda linapungua.

Nunua mizani ndogo ya jikoni, ile ya wapika keki. Kabla mnunuzi hajafika, pima matunda 20 kutoka miti tofauti, na usichume yale tu ambayo mkono wako unayafikia. Mizani yake ikipingana na yako, weka pakiti ya sukari ya kilo moja isiyofunguliwa kwenye zote mbili, yeye akiwapo. Nimewahi kuona mizani iliyoumwa asubuhi nzima ikapona ghafla sukari ilipopanda juu yake.

Hukuuliza, lakini nakuonya: ukubwa si ukomavu. Ulaya wanataka Hass ambayo ukiikausha maji yote, kinachobaki hakipungui asilimia 21 ya uzito wake. Tunda la gramu 250 lililochumwa changa kwa sababu dalali ana haraka haliivi, linasinyaa na kutafunika kama mpira.

*Unene wa maharage machanga unapimwaje?*

Kwa kalipa, kile kifaa cha taya mbili cha kupimia unene, ya plastiki inatosha, pale palipo panene zaidi. Yasiyozidi milimita 6 ni membamba sana, yasiyozidi 9 ni membamba. Ukiruka siku moja ya kuchuma, umeshahama daraja.

*Ni kweli Wazungu walipiga marufuku matango yaliyopinda?*

Hawakupiga marufuku. Kanuni yao ya 1988 ilitaka tango la daraja la kwanza lisipinde zaidi ya milimita 10 kwa kila sentimita 10 za urefu. Yaliyopinda zaidi yaliuzwa daraja la chini. Mwaka 2009 wakaifuta. Ndizi bado zina vipimo: urefu usipungue sentimita 14, unene milimita 27. Urefu huo unafuata mgongo wa ndizi, kwa hiyo tumia utepe wa fundi cherehani, weka rula pembeni.

*Mnunuzi wa vitunguu anasema gunia ni gunia, hata likishonewa kilemba juu. Nifanye nini? (Mang'ola)*

Hiyo ni lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, na wewe ndiye unayeshika sindano. Gunia ni chombo cha kubebea, si kipimo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, Wakala wa Vipimo wapo, na kikomo cha kilo 100 kwa gunia kinajulikana mpaka na wapagazi. Lakini kila msimu mkulima anasuka kamba kwa mkono wake, anajaza shingo, kisha ananiandikia kulalamika. Kilemba kile ni vitunguu unavyompa mtu bure. Uzeni kwa kilo, tena kwa pamoja. Mmoja akikataa peke yake, gari linasimama kwa jirani.

*Mimi ni mwanafunzi, naomba fomula ya kupima uduara wa tunda, nakabidhi kazi leo.*

Pima urefu, upana na kina, zidisha vyote vitatu, tafuta kipeuo cha tatu, gawanya kwa kipimo kirefu kuliko vyote. Parachichi la sentimita 10, 7 na 7 linatoa 0.79, mpira wa duara kamili ni 1. Safari nyingine andika jana.

*Debe la mahindi ni kilo ngapi?*

Debe la nani? Zima, au lililobonyezwa tumbo? Mahindi makavu, au yaliyonyeshewa juzi? Pima.