Kabla Hujanunua Galvanometa Nyeti Zaidi

Msomaji mmoja ameniandikia akiuliza anunue galvanometa (kifaa cha mshale kinachoonyesha mikondo midogo ya umeme) ya aina gani ili daraja lake la Wheatstone lipime ukinzani kwa usahihi zaidi. Daraja hilo ni sakiti ya vikinzani vinne viitwavyo mikono: kimoja ndicho kinachopimwa, vitatu vinajulikana, na daraja husawazika mshale wa galvanometa unaposimama kwenye sifuri. Swali lake limenitonesha kidonda, kwa sababu ndilo nililojiuliza mimi nilipoanza kazi ya maabara, na jibu nililojipa liliniaibisha mbele ya wenzangu.

Nilikuwa nimekabidhiwa koili ya waya wa shaba, yenye ukinzani wa omu 2 hivi, nikaipangia daraja ambalo mikono yake yote minne ilikaribiana, kwa kuwa katika mpangilio huo badiliko dogo huonekana vizuri: mkono mmoja ukibadilika kwa sehemu 1 katika 1,000, galvanometa hupata takribani robo ya sehemu hiyo ya volteji ya betri, yaani nusu ya milivolti kwa betri ya volti 2. Sikuridhika. Nikaazima galvanometa nyeti kuliko yangu, nikaongeza betri hadi volti 4, na mshale ukawa unaruka kwa mguso mdogo tu wa kitufe. Tarakimu ya nne baada ya nukta niliikadiria kutokana na mchepuko wa mshale, nikaandika omu 2.1463, na sitaficha kwamba nilijisikia fundi.

Msimamizi wangu aliipima koili ileile kwa daraja pacha la Kelvin, ambalo hutenganisha waya zinazopitisha mkondo na zile zinazochukua volteji, akapata omu 2.03. Kisha akasema, watu wote wakisikia, “Bwana mdogo, wewe umepima waya.” Alikuwa na haki, ingawa hadi leo naamini angeweza kuniita kando.

Waya zangu mbili za kuungia koili zilikuwa na urefu wa mita 1.5 kila moja, na shaba yenye eneo la milimita 0.5 za mraba hufikia karibu omu 0.035 kwa mita. Jumlisha, utapata zaidi ya omu 0.1; sehemu iliyobaki ya tofauti kati ya jibu langu na la msimamizi ilitoka hasa kwenye vibanio vilivyoshika kutu. Betri nayo ilinisaliti: kuongeza volteji maradufu kuliongeza unyeti maradufu, lakini joto ndani ya koili likawa mara nne, na ukinzani wa shaba hupanda kwa takribani asilimia 0.39 kwa kila nyuzi 1 ya selsiasi, kiasi cha omu 0.008 kwa koili ile. Tena, mikono mitatu niliyoiamini ilikuwa na kosa la hadi asilimia 0.1 kila mmoja, makosa ambayo yakielekea upande mmoja hufika asilimia 0.3. Tarakimu yangu ya nne haikuwa na maana yoyote.

Ndugu yangu, acheni kushindana kwa mshale unaoruka. Unyeti hukuonyesha kwamba daraja bado halijasawazika. Kuhusu ubora wa mikono unayolinganisha nayo hausemi kitu. Anza na waya: gusanisha ncha zake bila koili, upime, kisha utoe kiasi hicho kwenye jibu. Safisha vibanio. Bonyeza kitufe kwa muda mfupi tu, uachie koili ipoe. Geuza ncha za betri, usawazishe upya, na uchukue wastani wa majibu mawili, kwani viungo vya metali tofauti vyenye joto lisilolingana huzaa volteji yao ndogo, ambayo haigeuki pamoja na betri. Ukinzani ukiwa chini ya omu 1, tumia daraja la Kelvin. Na waya, narudia, anza na waya.

Msomaji wangu akishayafanya hayo, na mshale wake bado ukawa hautikisiki anapobadilisha mkono kwa hatua ndogo kabisa, basi aniandikie tena tuzungumze habari za galvanometa.