Risasi za kusubu nyumbani, za kuwindia kulungu: acha kuhangaikia ugumu

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa nyie wa Pennsylvania mnaonipigia simu kila msimu wa kulungu ukikaribia, leo naandika yote sehemu moja ili kila mtu asome kwa nafasi yake. Mi nawinda kulungu wa mkia mweupe huku kaskazini magharibi mwa jimbo hilo kwenye msitu wa Allegheny, na vichwa vya risasi nnavyotumia navisubu mwenyewe gereji, yaani nayeyusha madini ya risasi namimina kwenye kalibu. Vinaua vizuri sana, na nyama inabaki nzima, ila vina masharti yake na wengi wanaoanza wanashika sharti ambalo sio.

Wanashika ugumu. Mtu akiskia madini ya risasi ni laini anaogopa, anaenda kutafuta linotaipu, ile aloi ya herufi za mashine za zamani za uchapaji magazeti, yenye antimoni kama asilimia 12 na bati asilimia 4, anasubu kichwa kigumu alafu chenye pua nyembamba, anafurahi kwamba sasa ana kitu cha nguvu. Kulungu akipigwa nacho kinaingia huku kinatoka kule bila kutanuka hata kidogo, tundu dogo, damu chini hamna, mnyama anakimbia na mateso yake porini na we unamtafuta na tochi. Hilo halikubaliki, mnyama tunamuua ili tule na tuna wajibu wa kumuua haraka.

Kwa Brinell, yaani kipimo cha ugumu wa metali, madini ya risasi matupu ni kama 5, linotaipu ni kama 22. Mi nakaa karibu na 9. Napata hapo kwa kuchanganya nusu kwa nusu madini laini na vile vizito vya kubalansia magurudumu, vile vya zamani vya kubana kwenye rimu, alafu naongeza bati kidogo kama asilimia 2 ili ijaze kalibu vizuri kila kona. Aloi hiyo ikigonga inatanuka bila kusambaratika, na ndo tunachotaka.

Kuhusu hivo vizito vya magurudumu, saivi vingi ni zinki au chuma kwa sababu baadhi ya majimbo yamepiga marufuku vya madini ya risasi, kwa hiyo usimwage tu ndoo nzima kwenye chungu. Madini ya risasi yanayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi na zinki kwenye 419, basi wakati wa kuyeyusha skrepu weka kipimajoto, usivuke 370 hivi, zinki na chuma vitaelea juu vikiwa vizima na utavichota na kijiko. Zinki ikishaingia kwenye mchanganyiko kazi yako yote imeharibika, kalibu haijai na vichwa vinatoka na mikunjo.

Sasa kitu ambacho ni muhimu kuliko ugumu ni kichwa kikae sawa kwenye mtutu. Hakikisha bunduki haina kitu, paka mtutu mafuta, pitisha kipande cha madini laini toka mwanzo mpaka mwisho kwa fimbo ya shaba, alafu kipime kwa maikromita pale kilipojaza mifereji ya ndani ya mtutu. Kichwa chako kizidi hapo kwa inchi 0.001 mpaka 0.002. Bunduki yangu ya leva, yaani ya kukoki kwa mpini wa chini, ni .35 Remington, kaliba iliyoanza kuuzwa 1906 na wazee wa huku wanaipenda mno, mifereji yake inasoma 0.358 kwa hiyo natumia 0.359 au 0.360. Kikiwa chembamba moto wa baruti unapita pembeni unakiyeyusha, mtutu unajaa uchafu wa madini ya risasi na shabaha inapotea, alafu mtu anasema aah, aloi yangu laini, anaongeza ugumu na tatizo liko palepale. Wekeni hela kwenye maikromita kabla ya kitu kingine chochote, nawaomba.

Umbo nalo. Risasi ya kusubu haina mwendo wa kutisha, mi nakimbiza kama futi 1,800 kwa sekunde nikiweka kikofia cha shaba kitakoni, wakati risasi ya raifo ya .30-06 ya dukani yenye kichwa cha greni 180 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) inafika kama 2,700. Mwendo ukiwa mdogo kazi inafanywa na upana wa pua, ndo maana nachagua kalibu ya pua bapa, ya kwangu inatoa kichwa cha greni 200. Na kwa bunduki za leva ambazo risasi zinajipanga kwenye bomba moja nyuma ya mwenzake, pua ya chuchu inaweza kugonga fataki, kile kiwasha baruti kitakoni mwa risasi ya mbele, ikalipuka, kwa hiyo pua bapa pia ni usalama wako. Kiasi cha baruti chukua kwenye kitabu cha vipimo vya vichwa vya kusubu, usikisie, usichukue cha rafiki yako, na unapopakia baruti kwenye maganda zima simu na TV, akili isihame.

Umbali wangu wa mwisho ni yadi 100. Ule msitu wenyewe umejaa miche mingi, mara nyingi huoni hata hapo, ila hata ukimuona yule dume mzuri kasimama ng'ambo ya uwanja yadi 200, muache aende. Subiri asimame ubavu, piga nyuma ya bega risasi ipite mapafu yote mawili, alafu tulia kama nusu saa ndo ufuate damu, ukimkimbilia mapema atajikaza aende mbali zaidi.

Sheria kwa ufupi. Pennsylvania inaruhusu kichwa cha madini ya risasi au kinachotanuka, na msimu wa raifo lazima uvae inchi za mraba 250 za rangi ya chungwa inayong'aa, kichwani, kifuani na mgongoni. California toka Julai 2019 huruhusiwi kuwindia risasi yenye madini haya kabisa, wanalinda tumbusi wakubwa wa kule, kondori, wanaokufa kwa kula mabaki ya nyama yenye sumu. Kujitengenezea mwenyewe sawa, kutengeneza za kuuza unahitaji leseni ya serikali kuu. Na wageni wenzangu, mwenye grini kadi na mwenye viza ya muda hawako sawa kwenye mambo ya bunduki, muulize wakili kabla hujashika.

Haya, sumu, na hapa nasema kwa ukali kidogo kwa sababu wengi wetu tuna watoto wadogo. CDC, ile taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wanasema hakuna kiwango cha madini ya risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Usisubu jikoni, usitumie sufuria ya chakula hata kama utaiosha mara mia. Fungua mlango wa gereji hewa ipite, lakini ujue hatari kubwa iko mikononi, lile vumbi la kijivu unalochota juu ya chungu, liweke kwenye kopo lenye kifuniko. Usile wala usivute sigara ukiwa kazini, nawa kwa sabuni, nguo na viatu vya kazi visiingie ndani, na mwambie daktari akupime damu kila mwaka. Maji nayo yasisogee, tone moja likizama chini ya madini yaliyoyeyuka linageuka mvuke ghafla na chungu kinakurukia, kwa hiyo skrepu iwe kavu na uvae miwani, glavu za ngozi na viatu vya kufunika.

Kwenye nyama, kichwa laini chenye mwendo mdogo hakimwagi vipande vingi kama vile vya dukani vya kasi, ila bado mi nakata pembeni ya tundu upana wa kiganja natupa, sehemu hiyo sisagi. Watoto na wajawazito nawapa paja la nyuma, mbali kabisa na lilikopita tundu.