Mali ya Mansa Musa na mali ya kamusi yetu

SWALI: Mwalimu, nimesoma kwamba maana halisi ya jina la nchi ya Mali ni "utajiri", kwa sababu ya dhahabu ya Mansa Musa, mfalme wake wa kale, na kwamba neno lenyewe ni letu la Kiswahili. Je, ni kweli? Na raia wake tuwaite Wamali au Wamalia? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Si kweli, na ningeweza kuishia hapo, ila barua yako imebeba maneno mawili ambayo kila nikiyaona damu hunichemka: "maana halisi". Siku hizi kila mwenye simu ni bingwa wa maana halisi. Huchukua jina la mtu, la mji au la nchi, akalitafutia neno linaloandikwa vivyo hivyo katika lugha anayoijua yeye, kisha akatangaza kuwa amefichua siri ambayo wazee walitunyima. Bwana huyo hajui kwamba herufi hazina maana yoyote mpaka ziingie ndani ya lugha fulani.

Mpe herufi hizo nne, m-a-l-i, umtume Ulaya. Kwa Waalbania "mali" ni mlima, na nchi jirani ya Montenegro huiita Mali i Zi, yaani Mlima Mweusi. Bingwa wetu atarudi na habari kwamba nchi nzima imejengwa kwa fedha haramu. Akiingia kwa Waserbia na Wakroati atakuta "mali" ni "mdogo", na hapo sijui atamweleza vipi tajiri wake. Mwitaliano akisema "mali" anataja maovu au maradhi, na ni bahati yetu kwamba wahubiri hawajalisikia hilo, maana wangelihubiri mwaka mzima. Kwa Kihindi mtu anayeitwa "mali" ni mtunza bustani. Na huko Mali kwenyewe, katika Kibambara, "mali" ni kiboko, yule yule wa mtoni mwenye kinywa kipana. Ipi kati ya hizo ni halisi? Zote, kila moja kwao.

Kuhusu asili, neno letu limetoka katika Kiarabu "māl", nasi tukaliongezea irabu mwishoni kama tulivyofanya katika "hali" na "akili". Waturuki nao wana "mali", kwa maana ya "-a kifedha", na hao kweli ni ndugu zetu katika neno hili kwa kuwa walichota kisima hicho hicho. Lakini hata undugu wa kweli haumpi mtu haki ya kusahihisha lugha ya jirani. Wapo wanaotuambia kwamba "rahisi" maana yake halisi ni "-a bei ndogo" tu, kwa sababu ndivyo ilivyo kwa Waarabu; basi na waende kwa mwanafunzi aliyesema mtihani ulikuwa rahisi, wamuulize aliununua shilingi ngapi.

Turudi kwa Mansa Musa. Alipita Cairo akienda kuhiji mwaka 1324, akagawa dhahabu hadi thamani yake ikashuka mjini humo, na hilo halina ubishi. Lakini al-Bakri, mwanajiografia wa Andalusia, alikwisha kuandika habari za mfalme wa Malal, jina linalodhaniwa kuwa ndilo Mali, mwaka 1068, zaidi ya miaka 250 kabla ya msafara huo, na wataalamu wengi wanalihusisha jina Mali na Manden, nchi ya Wamandinka. Kiswahili hakimo. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, alifika Mali mwaka 1352, enzi ya Mansa Suleiman, nduguye Musa. Aliambiwa kwamba zawadi ya mfalme inamjia, akainuka kuipokea akidhani ni mavazi na fedha, kumbe ni mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaangwa na kibuyu cha maziwa mgando. Alicheka, kisha akaandika wazi kwamba mfalme huyo ni bahili. Angekuwa na bingwa wetu pembeni, angeelezwa kwamba jina la nchi ni "utajiri" na kwamba mikate ile ameielewa vibaya.

Jina hilo lilirudishwa mwaka 1959, Sudani ya Kifaransa, koloni ambalo leo ndilo Mali, ilipoungana na Senegali kuunda Shirikisho la Mali. Shirikisho likavunjika Agosti 1960, na Sudani ikabaki na jina. Waliolichagua waliukumbuka ufalme wa kale, hawakufungua kamusi ya Kiswahili.

Raia wake ni Mmali, na wengi ni Wamali, kwa kanuni ile ile inayotupa Mkenya na Wakenya bila kuongeza kitu. "Wamalia" limeokotwa kwa Wazungu pamoja na mkia wake. Nalisikia redioni mara kwa mara, na nimechoka kuandika barua. Mtangazaji akilisema, namwacha amalize taarifa.