Gesi ya AC haiishi, inavuja

Mwaka mzima nilikuwa namlipa fundi aje kuongeza gesi kwenye chumba cha Mwani. Nina vyumba sita vya wageni hapa Jambiani, kila kimoja na jina lake, na hicho cha Mwani ndicho kilicho karibu kabisa na bahari, ndicho wageni wanachokigombania. Mara ya kwanza ilikuwa Disemba, kaskazi imeshika, nikamkuta mgeni kavuta godoro analala barazani. Fundi akaja, akafunga geji ya kupima shinikizo, akatia gesi, chumba kikawa baridi, nikatoa shilingi 80,000. Machi akarudi. Julai akarudi tena, na Julai ni kipupwe, AC yenyewe haiwashwi sana. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii gesi inakwenda wapi?" Akanijibu, "Mama, gesi inatumika, kama ile ya jikoni."

Nikaamini. Mtungi wa jikoni naujua, unawaka mpaka unaisha, unanunua mwengine.

Kumbe AC haina moto unaokula gesi. Gesi inazunguka tu: kompresa inaisukuma, kwenye mashine ya nje inatupa joto na kugeuka kimiminika, ikifika ndani inageuka mvuke na kunyonya joto la chumba, halafu inarudi ilikotoka. Mfumo ukiwa mzima, gesi iliyotiwa siku ya kufungwa ndiyo hiyo hiyo utakayoikuta baada ya miaka 10. Ikipungua, pana tundu. Wazee walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Pakacha lilikuwa langu, mchukuzi ni yule fundi.

Aliyenifungua macho ni kijana mmoja wa Wete aliyekuja kumfanyia kazi jirani yangu. Nilimwita apite na kwangu. Hakutoa geji hata kidogo mwanzoni. Kwanza alifungua kifuniko cha mashine ya ndani, akatoa chujio, akanionyesha vumbi. "Hili nalo linaleta barafu, mama, watu wanadhani gesi." Tukaliosha, tukawasha, tukangoja. Akapima kwa kipimajoto hewa inayoingia na inayotoka: tofauti nyuzi 4 tu. Kwa mashine nzima hutarajia nyuzi 8 hadi 12. Nje, lile bomba jembamba lilikuwa limevaa barafu nyeupe pale linapotoka kwenye valvu. Hiyo ni dalili ambayo mtu yeyote anaweza kuiona bila kifaa chochote, pamoja na AC kunguruma usiku kucha bila kupumzika na umeme wa Tukuza (ule wa kulipia kabla) kuyeyuka kabla ya wakati wake.

Kisha akalala kifudifudi nyuma ya mashine ya nje, tochi ya simu mkononi. Akaniita nichuchumae. Kwenye nati moja palikuwa na vumbi jeusi lililoganda, linang'aa kidogo, kama masizi yaliyopakwa samli. Gesi haionekani, akaniambia, lakini inatembea na mafuta ya kompresa, na inapotokea, mafuta hubaki mlangoni yakakamata vumbi. Akazima AC, maana ikizimwa shinikizo kwenye bomba nene hupanda na tundu husema vizuri zaidi. Akachukua sabuni ya kuoshea vyombo, nzito, maji kidogo, akaipaka kwa brashi kuzunguka nati. Tukanyamaza. Baada ya kama dakika moja povu moja likaanza kuvimba taratibu, likawa kama jicho la samaki, likapasuka, jengine likaota pale pale. Nilitaka kucheka na kulia. Hilo povu ndilo lililokuwa linakula pesa zangu.

Nati ilikuwa imekazwa kwa nguvu za hasira, mdomo wa bomba la shaba ukapasuka. Kijana aliivuta gesi iliyobaki kwenye mtungi mtupu (hakuiachia hewani), akakata kipande, akaupanua mdomo upya, akaupaka mafuta, akakaza kwa spana inayopima nguvu.

Mimi nilidhani tumemaliza. Yeye akaleta mtungi wa naitrojeni, akajaza mfumo hadi psi 400 (psi ni kipimo cha shinikizo), akaandika saa na joto la hewa kwenye kiganja chake, akaenda kulala kwa jirani. Hapa nisisitize: ni naitrojeni kavu, si oksijeni. Oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya shinikizo hulipuka. Fundi akija na mtungi wa oksijeni wa kuchomelea apimie uvujaji, mtoe nje ya uwanja.

Asubuhi geji ilisoma 370. Alfajiri hewa ilikuwa imepoa kwa nyuzi kama 6 kuliko alipojaza, na kupoa huko peke yake ungeshusha psi 8 hivi. Hizo nyengine zilitoka. Alfajiri hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi, maana fundi wa haraka angeridhika na nati, na mimi ningerudi palepale baada ya miezi.

Tundu la pili lilikuwa ndani, kwenye koili, yale mabomba ya shaba yaliyokunjwa ndani ya mashine. Alipoipaka povu, vipovu vidogo vidogo vikatokea pengi, kama jasho. Akaniuliza tunasafishia nini. Nikamwambia kwa fahari: siki. Nilikuwa nimemwelekeza msichana anayenisaidia aipulizie koili siki kila wiki, iondoe harufu ya ukungu. Kijana akakunja uso. Asidi kama ya siki, ikikaa na unyevu juu ya shaba, huchimba vijitundu vyembamba ndani ya bomba, njia juu ya njia kama kichuguu. Havizibiki, ukiziba kimoja kinatokea chengine. Nilinunua koili mpya mjini, na siki ikarudi jikoni.

Baada ya hapo naitrojeni tena, usiku mwengine, na safari hii geji haikushuka. Ndipo pampu ya vakyumu ikafungwa kutoa hewa na unyevu, mpaka mikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki ndani), kwa sababu unyevu ukichanganyika na mafuta unazaa asidi inayoila kompresa. Ndipo gesi ikatiwa kwa mizani, gramu 900 za gesi aina ya R410A kama ilivyoandikwa kwenye kibati cha mashine. Fundi anayejaza kwa kushika bomba na kusema "sasa baridi" anabahatisha.

Kuhusu hizo gesi kwa ufupi. R22 ya mashine za zamani huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987. R410A haigusi ozoni, lakini ikitoka, gramu 900 zake hupasha dunia sawa na karibu tani 1.9 za hewa ukaa. R32, iliyo kwenye mashine nyingi mpya, ina athari kama theluthi moja ya hiyo, ila inaweza kushika moto. Kwa hiyo fundi akiwa anafungua mfumo, fungua madirisha, zima sigara, na mke wa nyumba aahirishe chetezo cha udi. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa, hulala chini na kusukuma hewa ya kuvuta, na zikipita kwenye moto hutoa moshi wenye sumu.

Kwetu sisi wa pwani, adui mkubwa ni munyu. Upepo wa bahari huupaka kwenye vibati vya alumini na mabomba ya shaba, na unyevu wake unafanya madini hayo mawili yagombane. Alumini huliwa kwanza, ikawa unga mweupe unaomomonyoka ukiugusa. Nimezihamisha mashine zote za nje nyuma ya ukuta usiokabili bahari, na kila wiki mbili tunaziosha kwa maji ya mvua kutoka kwenye tangi, umeme ukiwa umezimwa. Maji ya kisima changu yana chumvi yake, kuoshea hayo ni kuongeza maradhi.

Na kila mashine sasa ina maandishi ya wino mweusi ubavuni: aina ya gesi, gramu, tarehe, fundi. Ya chumba cha Mwani ina mstari mmoja tu, na kaskazi mbili zimeshapita. Ya chumba cha Kaa juzi nimeona barafu kwenye bomba jembamba, nikasafisha chujio, barafu ikarudi. Nimeizima. Jumamosi kijana wa Wete anakuja na brashi yake na sabuni.