Hicho ni kivuli cha DAC, sio antena
Mkuu usibadilishe antena bure. Umesema unarusha data za joto la maji toka kwenye vizimba vya samaki hapo Igombe, DAC (chipu inayogeuza namba kuwa volti) inakimbia sampuli milioni 1 kwa sekunde, signali yako iko kilohezi 400 halafu unaona nyingine kwenye 600 ambayo hukuiweka. Hicho ni kivuli tu, 1000 toa 400, kila DAC inakitoa maana inashikilia volti kama ngazi mpaka sampuli ijayo, na kwa hesabu zako kiko chini ya signali kwa desibeli 3.5 tu, sasa filta gani ya bei ya kawaida itawatenganisha hapo? Pandisha sampuli ziwe milioni 4, kivuli kinakimbilia 3600 na kinashuka desibeli 19 hivi, hapo koili na kapasita za kung'oa kwenye redio mbovu zinatosha. DAC ya biti 8 inakutosha pia, usidanganywe ununue ya 16. Ila filta ikae kabla ya mikseri (ile sehemu inayopandisha signali kwenye masafa ya kurushia), mimi niliiweka baada nikahangaika wiki nzima 😅. Na masafa kawaulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla hujarusha.