Fundi Akisema Atoe Themostati, Mwambie Asubiri Kwanza

Juzi nimepokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Urambo. "Kaka, gari yangu inakunywa maji. Kila siku naongeza lita nzima na sioni panapovuja. Fundi anataka kutoa themostati, anasema ni kifaa cha nchi za baridi. Nimruhusu?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Maneno hayohayo niliambiwa hapa Mwanga, Kigoma, chini ya mwembe, na mtu niliyekula naye ugali na migebuka miaka minane. Hata kwenye harusi yangu alisimama upande wangu.

Mnaonifuata hapa nadhani tunafanana: unaanza na kigari cha mtumba, kinakuzalishia, kesho unaota Fuso. Changu kilikuwa Noah ya zamani, injini ya 3S, niliyoinunua kwa biashara ya dagaa na mawese. Ikawa kila nikipandisha mlima na mzigo, mshale wa joto unapanda na mimi. Rafiki yangu akafungua, akachomoa themostati, akaitupa kwenye kopo la vyuma chakavu. Shilingi 15,000. Mjini mshale ukashuka kabisa, nikampa na ya soda.

Ngoja niseme nilichokuja kukijua kwa gharama. Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi unafungwa ili ipate moto haraka; ikifika kama nyuzi 82 unafunguka, maji yanaenda kupoa kwenye rejeta. Ukiutoa, mjini injini haifikii joto lake, inakula mafuta na kuchakaa upesi. Na kwenye injini nyingi za Toyota kifaa hichohicho, kikifunguka, huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Hakipo? Sehemu ya maji inazunguka humohumo ikiwa ya moto, na mlimani unachemsha zaidi ya mwanzo. Vitabu vya ufundi vya Toyota vyenyewe vinakataza kukitoa, hata kama gari linachemsha. Kwa hiyo habari ya "nchi za baridi" ni hadithi ya kijiweni.

Injini ilinisemesha miezi mitano. Maji yalipungua na chini hapana tone. Asubuhi ikiwaka inamisi kidogo, inatoa moshi mweupe, halafu inatulia. Nikifungua rejeta kabla injini haijapata moto, naona mapovu yanapanda kama sufuria ya maharage. Mpira wa kifuniko cha rejeta ulikuwa umekufa, nikauzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli. Najua, msinicheke. Kifuniko kile ndicho kinachoshikilia presha, na presha ndiyo inayofanya maji yasichemke hata yakipita nyuzi 110. Bila presha, Tabora, mji ulioko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mimi nilikuwa natoka ziwani kupanda huko na kipande cha tyubu.

Safari yenyewe ilikuwa ya kumpeleka mama mkwe Tabora, bintiye amejifungua. Nyuma madumu ya mawese, mbele mama mkwe. Wenye Noah za aina ile mnajua kwamba injini iko chini ya viti vya mbele. Kabla ya Uvinza akasema kwa upole, "Baba Zawadi, hiki kiti kinachoma."

Nikamjibu ni jua, mama.

Uvinza nilisimama kununua chumvi, na nilitaka kuangalia injini. Lakini kuiangalia ni lazima abiria ainuke, kiti kinyanyuliwe. Nimwambie mama mkwe wangu inuka nitazame chini yako? Sikuweza. Nikawasha gari. Heshima ile ilinigharimu kuliko mahari.

Tulipovuka Daraja la Kikwete pale Malagarasi, mshale ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Halafu, baada ya dakika kama tatu, ukashuka wenyewe. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Shikeni hapa, wapendwa: mshale unaposhuka ghafla wakati gari limepungukiwa maji, mara nyingi injini haijapoa. Maji yameshuka chini ya kile kipimo, kinapima mvuke na hewa. Mimi nikaongeza mwendo. Haikupita muda, mlio kama wa mtu anayegonga bati, nguvu zikaisha, mvuke ukatoka chini ya mama mkwe.

Alikaa juu ya dumu la mawese kando ya lami saa nne, na khanga yake kichwani, hakunilaumu neno moja. Bora angenitukana. Lori la tumbaku ndilo lililotuvuta mpaka Kaliua.

Mambo ya Kaliua hadi Tabora nayaruka, ni kamba na mnyororo tu.

Tabora nilipata mzee mmoja aliyesomea kazi yake VETA. Hakushika spana kwanza. Aliniuliza maswali kama daktari. Akafungua kifuniko cha oili: chini yake kuna utando kama chai ya maziwa. Maji yameshaingia kwenye oili. Akapima kompresheni, yaani presha ndani ya silinda; mbili za jirani zote ziko chini. "Gasketi imeungua katikati yao." Ndiyo ile pakiti inayoziba kati ya bloku, mwili wa injini, na hedi, kichwa chake cha juu. Hedi ilipotoka akaiwekea rula ya chuma na kupenyeza vibati vya kupimia. Kwa injini hii kinachoruhusiwa ni upinde wa milimita 0.05, mwembamba kuliko unywele. Bloku ni chuma, hedi ni alumini. Alumini hutanuka zaidi, ikizidiwa na moto inapinda. Hedi ikaenda kwenye mashine kusawazishwa, ikarudi, ikafungwa kwa spana yenye kipimo, boliti za katikati kwanza kisha za pembeni, kwa hatua. Yule wa mwembeni angezikaza kwa nguvu za mkono na bomba. Spea zote za zamani nilirudishiwa kwenye mfuko.

Laki sita na nusu, kila kitu, pamoja na themostati mpya na kifuniko kipya. Leo naenda Tabora na kurudi, mshale umesimama katikati kama askari wa gwaride.

Rafiki yangu nilipomweleza alisema, "Wewe ndiye hukuweka maji." Bado tunasalimiana. Salamu tu.

Ndugu zangu, acheni aibu. Tazameni maji kila asubuhi injini ikiwa baridi, na kamwe usifungue rejeta yenye moto, utabanduka ngozi. Mshale ukipanda, zima AC, washa hita mpaka mwisho hata kama mtatoka jasho, tafuta pa kusimama, zima injini. Taa nyekundu ya oili ikiwaka zima palepale, usiseme nifike mbele; ile ni presha ya oili, na bila presha hiyo vyuma vinasagana. Moshi wa bluu ni oili inaungua, mweusi ni petroli imezidi. Fundi anayechomoa kifaa kabla ya kupima, ondoka, hata kama ni shemeji yako. Sikusema umchukie mtu. Nimesema ondoka.

Wewe wa Urambo, usimruhusu. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha oili, piga picha upande wake wa chini, unitumie. Kama kuna ile chai ya maziwa, gari lisiende Tabora kwa magurudumu yake.