Amri 80 ziko daftarini, kichwani hakuna kitu

SWALI: Jambo yaya. Nafanya kazi kwenye kibanda cha kupiga chapa na fotokopi, Birere, hapa Goma. Tangu mwezi wa tatu mashini yetu ina Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, na nimenakili amri 80 kwenye daftari. Nikilifunga, zote zinapotea. Rafiki ananishauri nisome kitabu kinene cha Kiingereza, lakini Kiingereza changu ni kidogo, na mega za intaneti zinamaliza pesa. Nifanyeje niujue mfumo huu kweli? (Msomaji wa Birere, Goma)

JIBU: Jambo mdogo wangu. Weka daftari pembeni. Amri haikai kichwani kwa kunakiliwa. Inakaa siku ile inapokuondolea taabu. Tafuta kwanza kazi inayokuchosha kila siku, uanzie hapo.

Mimi nilianzia kwenye madeni. Mama yangu anauza unga Kadutu, hapa Bukavu, na jioni nilikuwa namwandikia waliokopa kwenye faili deni.txt: jina, nukta-mkato, kilo. Siku moja akaniuliza ni nani anayekopa mara nyingi kuliko wengine. Nilianza kuhesabu kwa kidole kwenye skrini, nikachoka, nikafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Usiku wa manane nikawa na mstari huu:

cut -d';' -f1 deni.txt | sort | uniq -c | sort -rn

cut inachukua safu ya kwanza, yaani majina. sort inayapanga ili yanayofanana yakae jirani. uniq -c inaandika kila jina limetokea mara ngapi, na sort ya mwisho inapandisha idadi kubwa juu. Jioni nzima nilikuwa nimeisahau ile sort ya kwanza, majina yakawa yanajirudia ovyo, maana uniq inalinganisha mstari na ule uliotangulia tu. Hakuna daftari lingenifundisha hilo vizuri kiasi hicho.

Kile kijiti kilichosimama, |, ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kinachotoka kwenye programu moja kinaingia moja kwa moja katika inayofuata. Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza Unix, mfumo uliotangulia Linux, mwaka 1969 huko Bell Labs, Marekani, na kijiti kikaongezwa 1973 kwa msukumo wa mwenzao Doug McIlroy. Linux ya Linus Torvalds ilikuja 1991, ikafuata mazoea yale yale. Kwenye kibodi zetu za AZERTY utakipata kwa AltGr na 6.

Sasa kazi yako wewe. Nadhani wateja wanarudi kila siku: «Nitolee ile CV yangu ya mwaka jana», nawe unafungua folda moja moja. Tuseme mteja ni Bahati. Nenda kwenye folda ya wateja, andika:

find . -iname '*bahati*'

Itapekua folda zote za ndani na kukuletea kila faili lenye jina hilo, herufi ziwe kubwa au ndogo. Usiache zile alama za kunukuu. Ukiziacha, nyota inaweza kutafsiriwa na terminali yenyewe kabla find haijaiona.

Nyota hiyo ilinitoa machozi. Nilitaka kufuta faili za .txt, nikaandika rm * .txt, na nafasi moja ikaponyoka katikati. Terminali ikageuza nyota kuwa majina ya faili zote zilizokuwemo, rm ikazifuta, kisha ikalalamika tu kwamba faili liitwalo .txt halipo. Ndani mlikuwa na TFC ya mwanafunzi, yaani kazi yake ya kumalizia masomo, kurasa alizoziandika kwa miezi. rm haipeleki kitu kwenye pipa la taka. Nakala hatukuwa nayo. Nilikaa naye wiki tatu tukiandika upya kutoka kwenye karatasi zake. Tangu hapo, kabla ya rm naandika ls, inayoonyesha majina tu, na nyota ile ile, nasoma kilichotokea jina kwa jina, ndipo narudisha mstari kwa mshale wa juu na kubadilisha neno la kwanza. Fanya hivyo hata ukiwa na haraka, na kwa faili za wateja usiache kuwa na nakala kwenye flashi. Pia usishinde ukiwa root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote. Tumia sudo, inayokuazima mamlaka hayo, kwa amri inayohitaji tu.

Kuhusu Kiingereza na mega: kitabu tayari kimo ndani ya mashini. Andika man sort, shuka kwa spasi, tafuta neno kwa / na utoke kwa q. Haihitaji intaneti. Kama Linux yenu ni ya aina ya Debian na imewekwa Kifaransa, sakinisha manpages-fr mara moja, na kurasa nyingi utazisoma kwa lugha uliyosomea shuleni. Soma ukurasa wa amri unayoitumia siku hiyo, basi.

Jaribu find juma hili zima. Ikikukatalia, niandikie mstari wako na jibu la mashini herufi kwa herufi, hata nafasi usiziruke.